Sisi, Bila Ninyi

Potrero Jovái, 14 Machi 1993

Mwanangu Derlis,

Mungu akubariki, ingawa hukuniomba. Bahasha yako ya Tume ya Elimu ilikuwa na muhuri, nembo na saini nzuri, lakini ule mstari wa kuomba baraka kwa shangazi haukuwamo. Nimeuongeza mwenyewe kwa kalamu pale juu ya nembo, ndipo nikaweza kukujibu.

Huku tu wazima. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji. Jirani yangu Ña Casiana, anayeoka na kuuza chipa za jibini, anauliza kama mkeo Nimia ameshajua kuzipika, maana Wiki Takatifu inakaribia. Anasema: "Mwambie chipa za madukani huko Asunción ni mpira mtupu. Baba mkwe wake azitumie kuzibia pancha." Nimekuandikia kama alivyosema. Na huyo baba mkwe, ndugu yangu Teódulo, hajambo? Tangu Krismasi humtaji.

Sasa jambo lenyewe. Mmewaomba wananchi maoni kuhusu kuboresha elimu ya sekondari, kisha mkaacha nafasi ya mistari michache, kana kwamba mnauliza bei ya nyanya. Nimeandika nyuma ya karatasi, na pembeni, na sasa naendelea hapa.

Nilifundisha darasa la kwanza katika mji huu mpaka nikawafundisha wajukuu wa wanafunzi wangu wa mwanzo. Watoto walinijia wakipiga domo kama kasuku. Nikawafunza kusoma, wakakua, wakaenda sekondari, na huko wakawa mabubu. Sababu yake ni rahisi. Mwalimu anauliza kwa Kihispania kwa nini jani ni kijani. Mtoto analijua jibu kwa Kiguarani, lakini anapomaliza kulitafutia nguo za Kihispania, kengele imelia. Yule wa jirani yake asiyejua lolote, ila amezaliwa kwenye nyumba ya Kihispania, amesema upuuzi kwa ufasaha na kupewa alama. Tumeendesha mtihani huo miaka na miaka tukauita elimu.

Hadubini ya shule imefungiwa kabatini kwa mkuu, hutolewa wakija wakaguzi, kama sahani za harusi. Wazazi wakiitwa mkutanoni husomewa hotuba wasiyoielewa, na kwa adabu zao hutikisa kichwa. Wakuu wa shule walichaguliwa kwa sababu walimshikia mwavuli mkubwa fulani siku ya mvua. Sekondari yetu ina majengo, Derlis. Ilichokosa ni masikio.

Hayo ndiyo maoni yangu. Lakini huku kuna uvumi kwamba lile Baraza jipya la kuchagua wakuu wa shule za mkoa mzima, mmempendekezea mtu kutoka mji wetu: Don Abundio Zarza, aliyekuwa mkuu wa sekondari hii tangu mimi nina meno yote. Niambie ni uongo. Kama si uongo, jina hilo litoke. Sijawahi kukuomba kitu.

Shangazi yako,
Liduvina


Asunción, 2 Mei 1993

Shangazi mpendwa,

Naomba baraka, nimekunja mikono. Nisamehe kwa ile bahasha, zilikuwa nyingi na zote zilichapwa na katibu muhtasi. Nisamehe pia kwa kuchelewa.

Mtoto ameota jino. Nimia amejaribu chipa. Nimezila zote kwa upendo, zaidi ya hapo sisemi. Baba yupo. Asubuhi anafungua banda lake la matairi, jioni analifunga.

Maoni yako yamesomwa kikaoni, shangazi. Mwenyekiti alicheka pale kwenye hadubini na sahani za harusi, kisha akaacha kucheka. Kipengele cha lugha mbili katika sekondari kina watu wanaokiunga mkono sasa. Hilo ni lako.

Kuhusu Don Abundio, si uongo. Jina lake lilipendekezwa na wengine, si mimi. Ameandika maelezo marefu. Anakiri kwamba nidhamu ya zama zile ilikuwa kali, lakini anasema hakuwahi kuadhibu lugha ya mtu. Yeye si mtu wa huko, hakubahatika kujifunza Kiguarani, hivyo hakuweza kujua watoto walisema nini. Aliadhibu kelele. Wengi hapa wameona ni maneno ya mtu muungwana. Ni mzee, shangazi. Serikali iliyomweka imeanguka, na yaliyopita si ndwele. Nakuomba utuandikie zaidi kuhusu masomo, si kuhusu watu.

Mwanao,
Derlis


Potrero Jovái, 20 Mei 1993

Mwanangu Derlis,

Mungu akubariki, na ampe mtoto meno mengine, atayahitaji. Ndama anakua. Baridi imeanza, namimina maji moto kwenye majani ya mate asubuhi na kuketi karibu na jiko kama paka.

Unasema yaliyopita si ndwele. Ndwele ikitibiwa hupita, mwanangu. Isiyotibiwa hubadilisha chumba tu. Na umeandika "Baba yupo". Hata meza ipo. Sikuuliza hivyo.

Unataka niandike kuhusu masomo, si kuhusu watu. Haya, leo nitakufundisha somo. Najua Kiguarani chako ni cha kununulia sigara, na sikulaumu. Kuna aliyeamua usikijue, na huyo naye simlaumu.

Kihispania kina "sisi" moja tu, kama koti la kuazimana linalomkaa kila mtu. Kiguarani kina mbili. *Ñande* ni sisi pamoja nawe unayenisikia. *Ore* ni sisi, bila wewe. Nikimwambia Ña Casiana kwamba *ñande* tutakula kuku, alete sahani. Nikimwambia *ore* tutakula kuku, aende kwake. Mtoto wa miaka mitatu hakosei hapo, kwa sababu akikosea hupoteza kuku.

Sasa sikiliza. Mwaka 1966 sekondari ilipata jengo jipya. Matofali waliyachoma wazazi, na babu yako aliyabeba kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka ng'ombe mmoja akavunjika mguu. Siku ya kufungua, Don Abundio alisimama na suti nyeupe kuhutubia kwa Kihispania. Wazazi hawakujua Kihispania, kwa hiyo alihitajika mkalimani, na akachaguliwa mwanafunzi bora wa shule, kijana mwembamba aliyetaka kuwa daktari wa mifugo kwa ajili ya ule mguu wa ng'ombe. Baba yako.

Don Abundio akasema: "Sisi tumeisimamisha shule hii kwa mikono yetu." Na Teódulo akawageukia wazazi akasema: *Ore*. Sisi, bila ninyi.

Nilikuwa nimeketi safu ya tatu, karibu na mama. Kabla mtu yeyote hajanong'ona, kabla hata babu yako hajainua kichwa, nilimwona Don Abundio akiwa mwekundu shingoni. Akamshika baba yako sikio. Akaagiza chumvi ya mawe imwagwe sakafuni, na mbele ya wazazi wake mwenyewe Teódulo akapiga magoti juu yake mpaka hotuba ikaisha. Kesho yake alifukuzwa, na kila shule ya mkoa ikaandikiwa isimpokee. Nyakati zile hapakuwa na mahali pa kwenda kulalamika. Pa kupelekwa palikuwapo.

Mama alimkanda magoti kwa maji ya vuguvugu akimuuliza: "Mwanangu, ulikosea?" Baba yako akajibu: "Sikukosea, mama. Nilitafsiri alichomaanisha."

Hilo ndilo somo. Mtihani wake ni huu: muulize baba yako kwa nini hakukufunza lugha ya mama yake.

Shangazi,
Liduvina


Asunción, 30 Juni 1993

Shangazi,

Nilimuuliza tukiwa mezani. Aliweka kijiko chini, akaenda bandani, akatoa tairi zima lisilo na tatizo lolote, akalifungua na kulifunga tena. Amekuwa akilala bandani tangu hapo. Nimia analia. Mtoto anamtafuta babu yake.

Sikuwahi kujua. Nilidhani aliacha shule kwa umaskini. Ndivyo alivyotuambia, na alivyomwambia marehemu mama.

Umefurahi? Tuliache jambo hili, shangazi. Tafadhali. Mimi nina kazi hapa, na kipengele cha lugha mbili kinaning'inia kwenye uzi. Tukileta ugomvi wa kijijini, wapinzani wake watasema haya si maoni juu ya elimu, ni kisasi.

Derlis


Potrero Jovái, 8 Julai 1993

Mwanangu Derlis,

Mungu akubariki, ingawa mara hii hukuomba kwa makusudi.

Mwache baba yako bandani. Mpelekee blanketi la pili, usimwambie neno. Atarudi.

"Tuliache", umeandika. Hiyo *tu* yako ni ipi, *ñande* au *ore*? Kama ni wewe na wakubwa zako, liacheni. Mimi simo.

Ni kisasi, ndiyo. Kisasi nacho ni maoni juu ya elimu. Mtu aliyemwaga chumvi akipewa kiti cha kuchagua wakuu wa shule, atachagua waliomshikia gunia. Unadhani ninachotaka ni aibu yake tu? Aibu yake nitaila kama kitindamlo. Chakula chenyewe ni kile kiti.

Wewe umesoma kuliko mimi, basi nisaidie kwa swali moja. Don Abundio anasema hajui Kiguarani. Siku ile nani alimtafsiria *ore*? Shingo yake ilijuaje?

Anakijua, Derlis. Anakijua kuliko mapadri. Nimejuaje, sitakuambia. Nilikisikia mahali ambapo ukisikia kitu, unatoka nacho mdomo umefungwa, na mimi sivunji ahadi za mahali hapo hata kwa adui. Hivyo siwezi kumsema. Inabidi ajiseme.

Nasikia Tume itakuja kufanya baraza la wazi katika kila mji, na kwamba kwa katiba mpya kila neno litasemwa kwa lugha zote mbili. Don Abundio atahutubia? Nani atakuwa mkalimani?

Ña Casiana anakusalimu. Ameungua kidole kwenye tanuri na anamlaumu Rais.

Liduvina


Asunción, 25 Agosti 1993

Shangazi mpendwa,

Naomba baraka. Baba amerudi kulala ndani.

Baraza la wazi la Potrero Jovái litakuwa Jumamosi ya tarehe 18 Septemba, katika ukumbi wa sekondari. Mkalimani anateuliwa na sekretarieti. Barua yako ya uteuzi imeambatanishwa. Kuja sitaweza, nimepangiwa mji mwingine. Kila kitu kitarekodiwa kwenye kanda. Nimeagiza nakala moja upewe wewe.

Don Abundio aliiomba Tume imsaidie kuandaa hotuba yake ya dakika chache kwa Kihispania kizuri. Kazi hiyo nilipewa mimi. Nimejitahidi. Nimetumia neno "sisi" kila palipowezekana.

Hapa miti ya tajy imeanza kuchanua.

Mwanao,
Derlis


Potrero Jovái, 26 Septemba 1993

Mwanangu Derlis, mwana wa Teódulo,

Mungu akubariki, akubariki tena, na kwa baraka zilizobaki afunike mkono ulioandika ile hotuba.

Ndama ameachishwa kunyonya. Goti halijambo. Kanda ninakutumia kwa dereva wa basi, nimeifunga kwenye kitambaa pamoja na chipa za Ña Casiana, ili Nimia aone mfano. Kanda itakupa sauti tu, na siku ile yalikuwapo mengi ya kutazama, basi nakuandikia.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Waliketi mbele wale wageni wa Tume, na Don Abundio katikati, suti ileile nyeupe au binti yake. Mimi nikasimama pembeni mwake. Aliponiona alitabasamu kwa adabu, akashika kipaza sauti, na jambo la kwanza alilosema, kabla ya hotuba yako, ni hili: "Namshukuru mwalimu Liduvina kwa kunisaidia. Lugha hiyo sikubahatika kujifunza." Nikaitafsiri kwa uaminifu, kila neno. Nilitaka waliokuwa madirishani nao waisikie.

Kisha akaanza kusoma.

"Wazazi wapendwa, sisi tumeijenga shule hii."

*Ore*, nikasema.

Ukumbi ukanung'unika kidogo, kama nyuki waliogongewa mzinga. Shingo yake ikawa nyekundu. Ileile, Derlis, ila sasa ina mikunjo.

"Sisi tumevumilia mengi kwa ajili ya elimu."

*Ore*.

Ña Casiana, kikapu cha chipa magotini, akapaza sauti: "Kweli kabisa, ninyi! Poleni sana! Endelea, mama mkalimani!" Watu wakacheka. Mgeni mmoja wa Tume asiyejua Kiguarani naye akacheka, akidhani ni furaha.

"Sisi tunajua mahitaji ya vijana."

*Ore*.

"Wanajua!" akasema Cirilo, muuza nyama, ameegemea mlango. "Gunia la chumvi bei gani siku hizi, Don?"

Don Abundio akaninong'oneza kwa Kihispania bila kugeuka: "Señora, tafsiri vizuri." Nikamjibu kwa sauti ya chini vilevile: "Natafsiri unachomaanisha, señor director." Aliponitazama nikajua amekumbuka. Mpaka hapo sikuwa na hakika kama anakumbuka, na nakwambia kweli, hilo tu lingenitosha kwa chakula cha jioni.

Lakini karatasi yako ilikuwa bado ina maneno. Alikuwa na njia ya kuikunja na kuketi. Hakuweza, kiburi chake hakina mlango wa nyuma. Akafika mwisho, pale ulipoandika kwa wino wa asali: "Kwa maana sisi sote, wana wa ardhi hii moja, tulionyonya maziwa ya mama mmoja, tunastahili shule moja."

Nikavuta pumzi. Nikawaambia wazazi kwamba *ore*, sisi sote bila ninyi, ndio wana wa ardhi hii.

Alipiga meza mpaka glasi ikaanguka. "*Ñande!*" akapiga kelele. "*Ñande*, Liduvina! Si *ore*! *Ñande!*" Na akiisha kufunguka hakuweza kujifunga. Aliwageukia watu akaendelea kwa Kiguarani, kwamba huyu mwanamke anampotosha, kwamba yeye ni mtoto wa udongo huu, kwamba hakuna wa kumtoa. Lo, Derlis, Kiguarani gani kile! Shuleni hakipatikani. Ni cha jikoni, cha mtoto aliyelelewa mgongoni mwa mwanamke anayepepeta unga. Kilikuwa kizuri. Naipenda lugha yangu, na siku ile nilimchukia zaidi kwa kuwa nayo nzuri kiasi kile na kuificha.

Kisha akajisikia mwenyewe, akashusha kipaza sauti.

Ña Casiana ndiye aliyeanza, kwa upole, kama anayeuliza njia. "Don Abundio, baba, Kiguarani kitamu hivyo nani kakufunza?"

Alifungua mdomo. Nilidhani atasema alijifunza vitabuni. Lakini mtu akishaanza kusema kwa lugha ya mama yake, uongo humkwama. Akasema: "*Che sy.*" Mama yangu.

"Mama gani? Yule wa kwenye picha sebuleni, mwenye kofia?"

Hapo nikamwona Ña Casiana akishika shavu. "Mungu wangu," akasema. "Ña Bernarda. Yule mpishi wake. Tazameni hiyo pua!"

Wakongwe wote wakaitazama pua, na Ña Bernarda akafufuka katikati ya ukumbi, na aproni yake, na mlango wa uani aliokuwa akipitia miaka yote ile katika nyumba ya mwanawe.

Hakuna aliyemzomea. Cirilo alikuja mpaka mbele, akaweka mguu juu ya benchi, akakunja suruali mpaka juu ya goti, akasimama hivyo. Kisha fundi cherehani. Kisha mwanamke nisiyemjua jina, aliyepandisha sketi yake kidogo tu, kwa heshima. Kisha wengi. Makovu hayaonekani tena, ngozi ilishasahau. Lakini yeye aliyaona. Aliyaona yote, mpaka wageni wa Tume walipomshika kiwiko na kumtoa nje.

Sasa kwa kuwa amejisema, naweza kukuambia. Ña Bernarda alipokuwa anakata roho niliitwa kumsomea sala, kwa sababu nyimbo za wafu nazijua. Nilikuta mkuu wa shule amelala sakafuni kando ya kitanda cha mpishi, akilia kwa Kiguarani, "mama, mama". Wiki ileile alikuwa amewapigisha magoti watoto wawili kwa kusalimiana lugha hiyohiyo. Nilisali mpaka mwisho, nikamfumba macho yule mama, nikaenda kwangu. Nimekaa na jambo hilo kama mtu anavyokaa na jiwe la kusagia: si kila siku una nafaka.

Mwambie Teódulo nimemaliza ile hotuba. Alikuwa ameachia katikati.

Liduvina


Asunción, 17 Oktoba 1993

Shangazi mpendwa,

Naomba baraka, sisi sote tunaomba, hata mtoto nimemkunjia mikono.

Kwanza habari za kazi, maana najua huli kitindamlo kabla ya chakula. Jina la Don Abundio limeondolewa. Kanda ilichezwa kwenye kikao kizima, na mwenyekiti akasema mtu aliyeficha lugha yake kwa watoto asichague watakaowasikiliza. Kipengele cha lugha mbili katika sekondari kimeingia kwenye ripoti, na wakuu watachaguliwa wazazi wakiwapo. Neno la masikio ni lako, limewekwa vilevile ulivyoliandika.

Sasa baba. Nilimwekea kanda Jumapili, tukiwa tumekaa kula. Alisikiliza kichwa ameinamisha, mkono juu ya goti, analisugua. Ilipofika pale kwenye "*Ñande*, Liduvina!" alininyooshea kidole. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Tena." Mara ya tatu akaanza kucheka, shangazi. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo, alicheka mpaka akakohoa, mpaka Nimia akaja mbio na maji. Alijifuta macho, akatutazama mmoja mmoja, chakula kimepoa, akasema: "*Jakaru*."

Hata mimi mwenye Kiguarani cha sigara nilielewa. Tule. Nimeuliza watu kazini ili nihakikishe: ni ile ya *ñande*. Sisi sote, mtoto naye yumo.

Sasa kila jioni ananifundisha. Ni mwalimu mkali, anacheka nikikosea.

Jambo moja. Nimesikia Don Abundio anaumwa na kwamba hakuna mtu anayemtembelea. Shangazi, umeshinda. Huoni imetosha?

Mwanao,
Derlis


Potrero Jovái, 12 Novemba 1993

Mwanangu Derlis,

Mungu akubariki, na nyumba nzima, na "jakaru" ile nimeilia peke yangu jikoni kama mjinga. Joto limeanza. Ndama wa doa nimempa jina Tume, kwa sababu anachelewa kila mahali.

Unauliza kama imetosha. Nitakueleza kilichotokea, uamue mwenyewe, wewe umesoma.

Don Abundio haumwi sana. Anatembea. Tangu mwisho wa Oktoba anakuja langoni kwangu saa ya jua kali, kofia mkononi, na chupa ya maji baridi ya kumiminia majani ya terere, kama jirani yeyote. Mara za kwanza alisimama tu. Juzi akazungumza, kwa Kiguarani.

"Liduvina," akasema, "wewe ulikuwa karibu na mdomo wake. Mama alisema neno mwishoni. Mimi nilikuwa nalia, sikulisikia. Uliniona sikulisikia. Miaka yote hii sikuweza kukuuliza, kwa sababu ningekuuliza kwa lugha gani? Sasa nakuuliza. Alisema nini?"

Alilisema neno, ndiyo. Nalikumbuka kama jina langu. Ña Bernarda alisema: *Jaha, che memby*. Twende, mwanangu. Na ilikuwa twende ya *ñande*, Derlis, ile ambayo na yeye yumo. Mama aliyeingilia mlango wa uani maisha yake yote, akienda zake hakumwacha mwanawe nje ya neno.

Nilimtazama. Nikamfikiria ndugu yangu bandani, amekumbatia tairi zima. Nikamfikiria babu yako safu ya tatu, anatazama mwanawe akipigishwa magoti juu ya chumvi katika jengo la matofali yake.

Nikamjibu kwa Kihispania safi, kile alichotufundisha:

"Samahani sana, señor director. Lugha hiyo sikubahatika kujifunza."

Amekuja tena leo. Yupo langoni sasa hivi ninapoandika.

Shangazi yako,
Liduvina